Siku Niliyojiandikisha Kuwa Mpaka

Fomu ya kuingia S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, niliijaza mwenyewe, juu ya meza ya kulia chakula, kwa peni ya bluu. Ilikuwa mwaka 1993. Mama alisimama nyuma yangu na onyo lake lilelile: fomu ni moja, ukiiharibu utakaa nyumbani uchunge mbuzi. Nikaandika jina. Nikaandika wilaya, Tororo, maana Busia ilikuwa haijawa wilaya wakati huo. Kisha nikafika kwenye mstari unaouliza nitakuwa mwanafunzi wa namna gani, wa kutwa au wa bweni. Nikakaza mkono, nikaandika kwa herufi kubwa: BORDER.

Neno hilo nililijua kuliko mtoto yeyote wa rika langu. Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, mwendo wa dakika chache kutoka Kenya. "Border" ilikuwa kwenye vibao, kwenye kuta za maduka, hata kwenye karatasi chakavu za forodha ambazo wauza karanga walizikunja pembe wakatufungia karanga za jero. "Boarder", yenye "a" katikati, yaani mwanafunzi wa bweni, sikuwahi kukutana nayo hata siku moja.

Wiki ya kwanza bwenini, madamu wa Kiingereza aliingia darasani na fomu zetu kwapani. Akachomoa moja. "Mwaka huu tumebarikiwa," akasema. "Tumeletewa mpaka mzima. Sijui tuombe askari waje kuulinda?" Darasa likaangua kicheko, nami nikapata jina nililolibeba mpaka S6. Hadi leo nikiwa harusini Kampala huwa nasikia mtu akiita "Border!" kutoka meza ya nyuma, na mume wangu anageuka kabla yangu.

Baada ya kicheko, madamu aliandika maneno yote mawili ubaoni na kutufafanulia. "Boarder" limetoka kwa "board", yaani ubao; "border" ni mpaka, na hayana undugu wowote. Tukaandika daftarini: hayana undugu. Hapo ndipo alipokosea, lakini mimi nilikuja kulijua hilo miaka zaidi ya ishirini baadaye, nikiwa tayari naishi kwa kazi ya kutafsiri.

Jambo lenyewe nilipaswa kulijua mapema zaidi, maana baba yangu ni seremala. Karakana yake ilikuwa mabati manne juu ya nguzo, kando ya njia ya kwenda Sofia, mtaa wetu ule unaogusana na Kenya. Mvule alinunua ukipatikana, musizi mara nyingi, na kalitunsi, yaani mkaratusi, siku ambazo mfuko ulikuwa mwepesi. Tulimpelekea chai ya saa nne, naye akiwa na furaha alitufundisha majina ya ubao. Sehemu pana ni uso. Ubavu mwembamba ni ukingo. Pale msumeno ulipopita ni kichwa. Akitaka kujua kama ubao umenyooka, hakushughulika na uso. Aliuinua hadi usawa wa jicho kama mtu anayelenga bunduki, akafumba jicho moja, akauchungulia kwa ukingo wake wote kutoka kichwa hadi kichwa. "Uso unadanganya," alikuwa akisema. "Ukingo hauna pa kuficha kitu."

Sasa, Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na neno "bord", na neno hilo lilikuwa na uso na ukingo kama mbao za baba. Wataalamu wa asili ya maneno wanaona ndani yake mizizi miwili ya lugha za kale za Kigermaniki iliyofanana mno hadi ikashikana: mmoja ulimaanisha ubao, mwingine ulimaanisha ukingo au ubavu, hasa ubavu wa chombo cha majini. Wapo wanaosema hata mizizi hiyo miwili ilikuwa mmoja hapo zamani zaidi. Vyovyote iwavyo, Mwingereza wa wakati huo alipotamka "bord" aliweza kuwa anataja ubao, meza, ngao, au ubavu wa jahazi, na waliomsikiliza walimwelewa.

Ngao zao zilikuwa za mbao. Mwaka 937 majeshi yalipambana mahali panapoitwa Brunanburh, na shairi la zama hizo linalosifu ushindi huo linasema washindi waliupasua "bordweal". Neno kwa neno: ukuta wa mbao. Ni wanaume waliosimama bega kwa bega, ngao imelalia ngao. Napenda kuukumbuka ukuta huo ninapopita kwenye jengo lenye maandishi ya dhahabu kwamba ndani kuna bodi ya kitu fulani.

Kutoka mbao kwenda bodi, njia inapitia mezani. Meza ya kale haikuwa na miguu ya kudumu. Uliweka ubao juu ya vigingi, mkala, mkauondoa. Kwa hiyo ubao ukawa ndiyo meza. Wasweda hadi leo meza wanaiita "bord", na Waholanzi kwa neno hilohilo wanataja sahani. Waingereza wao walitazama watu waliokaa kuizunguka meza wakijadili mambo mazito, wakawaita watu hao kwa jina la meza. Ubao ukawa kikao. Ndiyo maana mtoto wa Uganda anafanya mtihani unaosimamiwa na bodi, shule yake ina bodi ya magavana, na hakuna hata mmoja kati ya wajumbe hao aliyewahi kushika randa.

Kiswahili kilipokopa "bodi" hakikuwa na shida ya neno. Tulikuwa na baraza. Na baraza lenyewe ni nini? Ni kile kibao cha mawe kilichojengwa ukutani, nje ya nyumba ya Mswahili wa pwani, ambapo mwenye nyumba hukaa jioni na wageni wasioingizwa ndani. Watu wakakaa, wakazungumza, wakaamua, jina la mahali pa kukalia likawapanda wakaaji. Leo tuna Baraza la Mawaziri. Mwingereza alianza na ubao, Mswahili alianza na jiwe, wakakutana kwenye kikao. Mimi kwa ladha yangu naona baraza ni neno lenye heshima zaidi, maana linakumbuka kwamba kulikuwa na mgeni. Lakini nikiandika "Baraza la Wakurugenzi" kwenye tafsiri, wahariri hulirudisha limekuwa "Bodi". Nimechoka kubishana.

Ubao huohuo wa kulia chakula ulifanya jambo jingine: uligeuka chakula chenyewe. Waingereza tangu zamani wanasema mtu anapewa "board", wakimaanisha analishwa. Na "boarder" ni mtu anayelipa ili alale na kula kwa mwenzake. Shule ya bweni, kwa jina lake la Kiingereza, haikuitwa hivyo kwa sababu ya vitanda vyake vya mbao, ingawa mimi niliamini hivyo hadi nilipokuwa mtu mzima. Imeitwa kwa meza ya chakula. Kiswahili chetu kinatazama pa kulala, bweni. Kiingereza kinatazama pa kula.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye posho, maana sijaona neno lililofuata njia ya karibu zaidi na hiyo. Bwenini tulikula posho na maharage, Jumatatu hadi Jumapili, isipokuwa siku ya kutembelewa na wazazi. Posho kwa Mganda ni ule ugali mweupe wa mahindi, mgumu wa kukatwa kwa kijiko kikubwa, na kijiko kikiinuliwa unabaki na umbo lake kama tofali. Mwaka wa kwanza nilipoitwa kutafsiri kwenye mkutano Arusha, mzee mmoja mjumbe kutoka Tanzania alinisogelea wakati wa mapumziko, akainamisha kichwa kwa siri.

"Samahani dada, posho imeshatoka?"

"Imetoka mzee," nikamjibu, nikifurahi kwamba nina la kumsaidia. "Ipo kule mwisho wa meza, karibu na maharage."

Alinitazama kwa huruma. Kwa Mtanzania, posho ni pesa anayolipwa mtu kwa kuhudhuria kikao. Alikuwa anauliza bahasha.

Wote wawili tulikuwa sahihi. Posho ya asili ni kipimo cha chakula alichopewa mpagazi wa msafara, askari au kibarua, kwa siku au kwa wiki. Kwa kuwa kipimo hicho mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi, huku kwetu jina likabaki kwenye unga na ugali wake. Wakenya nao husaga kwenye "poshomili". Kule Tanzania chakula kikaondoka ndani ya neno, ikabaki stahili ya mtu, nayo ikaja kulipwa kwa noti. Nikitazama kikao chochote cha bodi pale Dodoma naona mzunguko umekamilika: watu walioitwa jina la meza ya chakula wanalipwa kwa jina la chakula. Na ukweli wao huwa wanakula pia.

Kabla ya bweni nilikuwa na ubao mwingine, nao sikuulia chakula.

Katika shule ya msingi niliyosoma, kuongea lugha ya nyumbani ilikuwa kosa. Ukisikika ukisema Lusamia, au Kiswahili, ambacho kilihesabiwa kuwa ni lugha ya askari na wezi wa mpakani, ulivikwa diski. Tuliiita diski ingawa haikuwa ya duara. Ilikuwa kipande cha ubao chenye tundu mbili na kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyeusi kwamba mwenye kuvaa hiki ni mjinga. Ulikivaa hadi umsikie mwingine akikosea, umvike. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi.

Darasa la nne nilikwenda nacho nyumbani. Baba alikuwa karakanani, akaniita nisogee. Hakusoma maandishi. Alikigeuza nyuma, akakitazama, akapitisha kidole. Ulikuwa musizi. Kwenye kona palikuwa na alama ya penseli kwa mwandiko wake: SHULE, 3. Wiki kadhaa nyuma mwalimu alikuwa amekuja kuomba vipande vitatu vya ubao kwa ajili ya matumizi ya shule, na baba, kwa furaha ya kusaidia, alikata bure.

Hakusema kitu. Alinivua, akakibana kwenye meza yake ya kazi, akachukua randa ndogo akaviondoa vyembe vya ukingo, pande zote nne, kisha akapiga msasa. Shingo yangu ilikuwa imechubuka. Akanivika tena. Kesho yake asubuhi nilichapwa, lakini kamba na ubao havikunikwaruza. Nimefikiria sana kwa nini hakukivunja. Sijawahi kumuuliza, na sasa nadhani ningeuliza kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake.

Kiswahili hichohicho, Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia kupendwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mpwa wangu sasa anapewa alama kwa kile nilichovishwa ubao.

Turudi kwenye ukingo.

Waingereza walikuwa watu wa majini, na ubavu wa chombo ndio ukingo uliowahusu kufa na kupona. Kuingia melini kukaitwa kuupanda ubavu wake, na ndio maana hata pale Entebbe, ambako hakuna ubao wowote, kikaratasi cha kupandia ndege, "boarding pass", bado kina neno hilo. Upande wa kulia wa meli wanauita "starboard". Mwalimu wetu wa jiografia alituambia mabaharia walitazama nyota upande huo. Uzuri wa maelezo hayo ndio uliopaswa kututia shaka. Sehemu ya kwanza ya neno inatokana na kuongoza chombo: kabla ya usukani kufungwa nyuma katikati, walitumia kasia kubwa la kuongozea lililofungwa ubavu wa kulia. Upande wa kushoto uliitwa "larboard". Sasa fikiria dhoruba, upepo unavuma, nahodha anapiga kelele, na maneno mawili yanayotofautiana kwa silabi moja tu ndiyo yanaamua meli igeuke wapi. Walivumilia hilo kwa karne kadhaa. Mwaka 1844 jeshi la maji la Uingereza likaagiza upande wa kushoto uitwe "port", basi.

Kuna mambo mengine ya ubao nitayapita haraka. Wacheza karata waliotaka kuaminika waliweka mikono juu ya meza, na hadi leo Mwingereza akisema jambo liko juu ya ubao, anamaanisha limefanywa peupe. Wakubwa wetu wanalipenda sana neno hilo mbele ya kamati. Kabati la vyombo, kwa Kiingereza "cupboard", lilikuwa kwanza ubao wa wazi wa kupangia vikombe. Na ile sehemu ya mbele ya gari yenye mishale na taa, deshibodi, ilianza kama ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kuzuia matope yanayorushwa na kwato. Hilo la mwisho huwa nalikumbuka kila Aprili ninapokaa mbele kwenye taksi.

Na kuna mtego. Fundi wa magari akikuambia bodi imekufa, anasema juu ya umbo la gari, lile neno la Kiingereza linalomaanisha mwili, ambalo asili yake ni nyingine kabisa. Kiswahili kimeyavika maneno mawili shati moja. Niliwahi kusoma tangazo ukutani, "Tunanyoosha bodi zote", nikawaza taasisi tano ambazo ningependa zipelekwe pale.

Lakini undugu wa "board" na "border", alioukana madamu, uko wapi? Uko Ufaransa.

Wafranki, walioipa jina Ufaransa, walikuwa wasemaji wa lugha ya Kigermaniki. Waliingia katika nchi iliyosema Kilatini, wakamezwa na lugha ya wale waliotawaliwa nao, ila wakaacha maneno yao humo kama mtu anavyosahau koti kwa jirani. Mojawapo lilikuwa "bord", kwa maana ya ukingo. Wafaransa wakalifanya lao: ukingo wa bahari ni "bord", ubavu wa meli ni "bord". Wakaunda na neno la pindo, ile mistari ya kuzunguka nguo, au ukanda wa rangi unaozunguka uso wa ngao ya mtu mwenye cheo. Kwa upande mwingine, kibanda cha mbao kikawa na jina la ukoo huohuo, na kibanda kidogo kikaja kuwa danguro; hilo sikulitafuta, nililikuta. Mji wa Bordeaux lakini haumo. Warumi waliuita Burdigala, na kufanana ni kwa bahati tu.

Neno la pindo likavuka kwenda Uingereza baada ya Wanormani, likawa "border". Huko likamkuta ndugu yake "board", ambaye hakuwahi kuondoka nyumbani. Ni kama kijana wa Busia aliyekaa Nairobi miaka thelathini. Anarudi matangani, anasalimia kwa lafudhi, na wapwa zake wanamuuliza mama yao huyu mgeni ni nani.

Nilipoisoma hiyo habari ya pindo, nilikwenda kabatini nikatoa leso ya mama. Leso, au kanga kwa watu wa pwani, ina majina ya sehemu zake. Maandishi ni jina. Ule mstari wa kuzunguka ni pindo. Na sehemu ya katikati, yenye ua au korosho, inaitwa mji. Niliitandika kitandani nikaitazama muda mrefu. Mji uko katikati, na pindo ndilo linalochakaa kwanza, kwa sababu ndilo linaloburuzwa, linalofungwa fundo la pesa, linalofutia mtoto kamasi. Pale kwenye fundo la leso ya mama kitambaa kimekuwa chepesi hadi unaona mwanga. Busia ni hapo.

Na pindo letu lilihamishwa. Hadi mwaka 1902 Uganda ya Waingereza ilifika mashariki hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Mwaka huo jimbo lote la mashariki likahamishiwa katika himaya jirani, ile iliyokuja kuwa Kenya, na Wasamia wakaamka wakiwa nchi mbili bila mtu kuhama nyumba. Bibi mzaa baba alizikwa Kenya, mita mia chache kutoka alipozaliwa, Uganda. Kiswahili kina hekima moja hapa ambayo Kiingereza hakina: mpaka ni mstari wa nchi, na mpaka ni "hadi". Nisubiri mpaka kesho. Nimetembea mpaka sokoni. Neno hilo linakuonyesha unakofika, na mguu uko njiani bado.

Baada ya uhuru, ofisi za uhamiaji za pande mbili ziliachana kwa umbali unaochosha ukiwa na gunia, na magari hayakuruhusiwa kuvuka ovyo bila karatasi. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakasimama na kuita abiria kwa neno la pale: "border, border!" Kinywani mwetu "r" zikaanguka, ikabaki boda boda. Baiskeli zikasambaa, pikipiki zikazipokea miaka ya 1990, na sasa Kampala nzima inakwenda kwa jina la kona yetu. Magazeti ya Kiingereza yanaandika "boda boda" bila maelezo yoyote, maana Waingereza wenyewe wamerudishiwa neno lao likiwa limekatwa nywele.

Kiti cha boda ya baiskeli nakijua kwa ndani. Baba alivitengeneza. Chini ni ubao, inchi kumi na mbili kwa nane hivi, umetobolewa tundu nne za nati. Juu yake sponji, juu ya sponji reksini nyekundu au ya kijani iliyovutwa kwa nguvu na kupigiliwa misumari midogo kuzunguka ukingo, na mwenye pesa aliongeza pindo la nyuzi zinazoning'inia, zikapepea akikimbia. Mteja alijali rangi ya pindo. Baba alijali ubao, kwa sababu anayekaa juu ni mama mjamzito na gunia la omena. Kila Jumamosi alikata ishirini. Kwa hiyo ubao wa boda ulikuwa ndio ulionilipia ada ya bweni, na mimi nikaenda kujiandikisha kwa neno ambalo madamu alidhani nimekosea. Nisamehewe kidogo kiburi hapa.

Kiswahili chenyewe hakina haja ya kuona wivu. Ubao wetu, olubaawo kwa Waganda, umezaa kama ule wa Waingereza. Toa u, unapata bao: mchezo wenye mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, ambao Waganda wanacheza omweso kwa hesabu ileile. Bao ni goli pia. Mganga hupiga bao. Mbao, kwa vijana wa upande wa pili wa Busia, ni shilingi ishirini za Kenya. Na wakuza lugha walipotakiwa kutafuta jina la kibodi walileta baobonye, bao la kubonyeza. Hakuna ninayemjua anayelitumia, nami ndilo ninaloliandikia sasa.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, na shangazi upande wa Kenya alikuwa mgonjwa. Tangu mwaka 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpakani, unapiga mhuri sehemu moja na kuendelea. Baba hataki. Ana miaka zaidi ya themanini, na njia ya Sofia ni fupi kwa magoti yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mtaro katikati ya njia ulikuwa umejaa maji ya kahawia, na juu yake umelazwa ubao mmoja. Mvulana wa miaka kama kumi na mbili alikaa juu ya jiwe pembeni.

"Mia mbili, mzee. Au kumi ya Kenya."

Baba hakumjibu. Alichuchumaa taratibu, mkono mmoja kwenye fimbo, akafumba jicho moja na kuuchungulia ubao kwa ukingo.

"Kalitunsi," akasema. "Imepasuliwa mbichi. Angalia tumbo lake, limelala chini. Mtu mzito akipita unakatika." Akamwonyesha kijana kwa fimbo. "Shika huko. Wewe mwanangu shika huku. Geuzeni."

Tukageuza, viatu vyangu vya mjini vikiingia matope hadi kwenye kamba. Mgongo wa ubao ukawa juu. Baba akaukanyaga mara mbili, akasikiliza.

"Mia mbili, mzee," kijana akakumbusha.

Baba akaingiza mkono mfukoni, akachagua, akampa sarafu moja ya mia. "Hiyo nyingine ni ya fundi," akasema, akavuka.